Kofia Yenye Kitone cha Kijani

Kofia yenye kitone cha kijani ilikuwa ya Trevaughn Oakes, lakini Oakes hakutokea kambini, basi akavikwa Dorsey Tibbs.

Dorsey alimpigia mkewe simu akiwa bado kwenye uwanja wa kuegesha magari, jasho halijamkauka.

"Marva, wamenipa."

"Wamekupa nini?"

"Kofia. Ile yenye redio ndani. Kocha anasema sikioni mwangu peke yangu, halafu mimi ndiye nawapanga wenzangu. Leo nimecheza na kikosi cha kwanza tangu asubuhi mpaka filimbi ya mwisho."

Marva alikuwa jikoni anakata pakiti ya makaroni. Aliweka mkasi chini, akavuta kiti, akakaa. Kwa miaka minne mumewe alikuwa mlinzi wa akiba kwenye mpira wa Kimarekani, mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele na kuwavaa wanaopenya na mpira. Kwenye karatasi inayobandikwa ukutani na makocha jina lake halikuwahi kupanda juu ya nafasi ya nne. Hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni. Alijileta mwenyewe kutoka Hattiesburg na begi moja, na kila mwisho wa Agosti waliishi kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

"Na yule mtoto Oakes?" Marva aliuliza.

"Hajasaini. Wakala wake amesema hata wiki tatu watakaa nje."

"Wakae. Wakae mpaka Krismasi."

Dorsey alicheka, na Marva akacheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Jioni hiyo televisheni ilimwonyesha mama yake Oakes, huko Texas, amekaa kwenye kibaraza cha nyumba mpya, suruali nyeupe, miguu ameipishanisha. Alikuwa amewaokea keki waandishi wa habari. "Mwanangu hataki makuu," alisema kwa upole. "Anataka tu alichoahidiwa kiandikwe." Walichobishania ni kiasi gani kijana angebaki nacho endapo timu ingemtema kabla mkataba haujaisha. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, hajamgusa mtu hata mmoja kwenye ligi, na tayari watu wazima wenye tai walikuwa wanagombana kuhusu siku ya kutemwa kwake. Dorsey angetemwa angebaki na soksi zake tu.

"Hebu mtazame anavyokata keki," Marva alisema. "Kama vile yeye ndiye aliyemwaga jasho."

"Mwanamke wa watu hajakukosea," Dorsey alisema.

"Najua hajanikosea. Ndiyo maana ananiudhi."

*

Kila baada ya chakula walisukuma sahani pembeni, wakapanga uwanja juu ya meza. Makopo ya maharage yalikuwa majitu ya mbele. Chupa ya chumvi, ya pilipili na ya sosi zilikuwa walinzi, Dorsey akiwa pilipili. Junie, binti yao wa miaka sita, alishika ndimu, na ndimu ndiyo ilikuwa mpira. Marva alisoma kutoka kwenye lile daftari nene la mipango, ambalo mchezaji akilipoteza hutozwa faini.

"Mkamataji wao wa kulia kahamia kushoto. Unasemaje?"

"Chuma, chuma! Sosi asogee, chumvi arudi nyuma."

"Na wewe?"

"Nabaki katikati, nasubiri ndimu."

"Junie, kimbia na ndimu!"

Junie alikimbia nayo mpaka chini ya meza, baba yake akamfuata kwa magoti, nyumba nzima ikawa kelele. Baada ya wiki moja Marva aliijua miito yote, hata ile ambayo walinzi wengine waliisahau. Alikuwa anapokea simu kwenye ofisi ya daktari wa meno, na mara nyingine mgonjwa akisubiri atajiwe tarehe alimsikia akinong'ona, "Chuma kushoto, chumvi nyuma."

Usiku mmoja Dorsey alisema, huku anajibandika barafu begani, "Kesho Fusco ananitaka kwenye mateke."

Fusco alikuwa kocha wa kikosi cha mateke. Mpira ukipigwa teke kwenda upande wa pili, watu kumi hukimbia uwanja mzima kwa kasi yao yote kumvamia anayeudaka, na wanaokuja mbele yao hukimbia vilevile. Nyota hawakimbizi mateke. Hukimbia wa akiba, na hivyo ndivyo wanavyokula mkate wao.

"Ulimwambia nini?" Marva aliuliza.

"Nilimwambia nitakuja. Nimsemeje tena?"

"Umewahi kumwona Rawlins anakimbia mateke? Umemwona mlinzi mwingine yeyote wa kikosi cha kwanza?"

"Marva, mateke yametulisha miaka minne."

"Mateke yamekuweka chini miaka minne. Wanakuona mtu wa mateke kwa sababu kila wakikuita unaitika. Leo wamekupa kofia ya kitone, kesho unakimbia na wavulana wasio na hata jina mgongoni. Yule Oakes angekuwa amesaini, Fusco angethubutu kumwita?"

Barafu ilikuwa inamdondokea Dorsey kwenye suruali.

"Asingethubutu," alisema hatimaye.

"Basi."

Kesho yake alimfuata Fusco kabla ya mazoezi, akamwambia kwa adabu kwamba angeomba apumzishwe mateke ili akili yake yote iwe kwenye kikosi cha kwanza. Fusco alikuwa mfupi, mwenye shingo iliyoungua jua. Hakukasirika. Alimtazama Dorsey kidogo, akatoa kalamu sikioni.

"Umesema wewe, Tibbs." Kisha akageuka. "Brandvold! Njoo hapa. Unajua kukimbia?"

"Ndiyo, kocha!"

"Tutaona."

*

Siku za mazoezi ya wazi wake wa wachezaji walikaa kando ya uwanja. Hakuna aliyeandika popote nani akae wapi, lakini wote walijua. Chini ya turubai, kwenye viti vya kukunja na ndoo ya vinywaji baridi, walikaa wake wa kikosi cha kwanza. Wengine walikaa kwenye benchi la bati, juani, na kila mmoja alileta taulo la kukalia maana bati lilichoma mapaja. Kwa miaka minne Marva alikuwa mwenyeji wa taulo.

Wiki ile Shavonda Rawlins, mke wa mlinzi mkongwe, alimpungia mkono. "Tibbs! Unaungulia nini huko? Njoo kivulini, mwenzetu."

Marva alikunja taulo lake taratibu, asionekane ana haraka. Kwenye benchi aliacha msichana mmoja mweupe, mwembamba, pua imeanza kubabuka. Alikuwa Kirsten, mke wa Nate Brandvold, mlinzi wa saba kati ya walinzi saba. Walitoka kwenye shamba huko Dakota Kaskazini na waliishi kwenye chumba cha hoteli ya timu. Kirsten alikuwa akizungumza kama mtu anayeogopa kutozwa kwa kila neno.

"Dada Marva," aliita. "Samahani. Nilitaka kukuuliza, nyie mmepanga sehemu gani? Labda na sisi tukianza kutafuta..."

Marva alikuwa tayari amesimama, na kule kivulini walikuwa wanamtazama.

"Mdogo wangu," alisema, "nikupe ushauri wa bure. Usifungue masanduku."

Chini ya turubai walicheka. Mtu akampa soda. Kirsten alitazama uwanjani, ambako mumewe alikuwa anakimbia, anaanguka, anainuka, anakimbia tena, na Fusco nyuma yake akipiga makofi.

Ijumaa hiyo Marva aliomba ruhusa kazini, akaenda kumwandikisha Junie darasa la kwanza. Miaka yote mtoto alikuwa akisoma kwa bibi yake Mississippi mpaka timu itoe orodha ya watu hamsini na watatu wanaobaki. Safari hii Marva hakusubiri orodha. Katibu wa shule, mama mwenye miwani ya kamba, alimuuliza kazi ya baba.

"Mpira. Kwenye timu ya hapa."

Katibu aliinua macho. "Ni wa kudumu, au ni hawa wanaokujaga kiangazi?"

"Ni wa kikosi cha kwanza," Marva alisema, na akalitamka kwa sauti kiasi kwamba mzazi mwingine aligeuka. Alitia saini fomu.

Mechi ya kwanza ya majaribio Dorsey aliangusha watu tisa. Kamera ilimwonyesha anapiga kelele, anaelekeza, anawasukuma majitu kwa viganja wakae sawasawa, kitone cha kijani kinang'aa kisogoni. Junie aligusa kioo cha televisheni. "Baba ni pilipili!" Marva alijificha bafuni, akalia.

*

Siku ya kumi na tisa ya kambi Oakes alisaini.

Hakuna aliyemwita Dorsey kumwambia. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo akamkuta mtunza vifaa ameishika kofia yake, anakibandua kitone kwa ukucha, pole pole, kisichanike. "Samahani, bwana," mzee yule alisema. "Sisi tunaambiwa tu."

Siku mbili baadaye kocha wa walinzi alimwomba jambo. Kijana alikuwa na miguu ya ajabu lakini hajui miito, amekosa wiki tatu. Dorsey ndiye anayeijua kuliko wote. Angeweza kukaa naye jioni?

"Unamleta hapa?" Marva alisema. "Kwenye meza yangu?"

"Nimwambie kocha mke wangu kakataa?"

Basi Oakes alikuja na maua. Alikuwa mkubwa kiasi cha kuinamisha kichwa mlangoni, na ndevu zake bado hazijaungana. Marva alikuwa amejiandaa kumkuta ana majivuno, akayakosa. Alikula kambare wa kukaanga, akala mboga za majani na mkate wa mahindi, akaongeza, akaongeza tena.

"Shemeji, mama yangu asiujue huu mkate. Atanikana, aseme nimehamia kwenu."

"Nilimwona mama yako kwenye televisheni," Marva alisema. "Ana nyumba nzuri."

"Anaisafisha mwenyewe. Nikamwambia nimwekee mtu, akataka kunipiga."

Marva akaenda kufungua bomba. Nyuma yake makopo yalipangwa. Oakes aliyapanga vibaya kila mara. Alimpeleka sosi pasipo pake, akamsahau chumvi. Junie alimcheka waziwazi. Dorsey alipokuja kuchukua maji Marva alimshika mkono.

"Mpindishie," alinong'ona. "Mwito mmoja tu. Ule wa chuma. Mwambie kinyume."

Dorsey alimtazama kana kwamba amekuta mtu mwingine kavaa nguo za mkewe.

"Nikimpindishia, atakayevunjwa ni chumvi. Chumvi ni Rawlins. Ana watoto watatu."

Akarudi mezani. "Oakes, tazama hapa, bwana mdogo. Chuma. Mara ya mwisho, halafu unanirudishia."

Walikaa mpaka Junie akalala juu ya kiti na ndimu mkononi. Mlangoni Oakes alimkumbatia Dorsey. "Sitasahau, kaka," alisema, na lililomuumiza Marva zaidi ni kwamba alisema kweli.

*

Sasa Dorsey alikuwa wa nne tena, nafasi yake ya siku zote. Alimfuata Fusco.

"Kocha, niko tayari kwa mateke."

"Vizuri." Fusco alikuwa anaandika. "Simama nyuma ya Brandvold."

Ndipo Dorsey alipomtazama vizuri yule kijana wa shambani. Kwa wiki tatu Brandvold alikuwa anakimbia peke yake hata wenzake wakipumzika. Alijua mpira utaangukia wapi kabla haujaanza kushuka. Katika mechi ya tatu alimwangusha mdakaji mara mbili kabla hajapiga hatua nne, na Fusco, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alirusha kofia yake hewani. Dorsey alipewa mbio mbili tu. Alikimbia vizuri zote mbili. Hakuna kosa mtu angemtajia.

Nyumbani hawakuliongelea. Marva bado alimlaani Oakes, kwa sababu Oakes ndiye aliyekuwa na nyumba, keki na maua. Brandvold hakuwa na kitu cha kuonewa wivu, kwa hiyo hakumwona.

Kwenye mazoezi ya mwisho ya wazi alifika chini ya turubai akakuta viti vimejaa. Kwenye kile chake alikaa mchumba wa Oakes, ametoka Texas jana yake.

"Aa, Tibbs," Shavonda alisema, bila kuinuka. "Ungetuambia unakuja tungekutafutia ndoo ukalie." Wengine walicheka, si sana, kicheko cha kumalizia soda.

Marva alirudi kwenye benchi la bati. Hakuwa amebeba taulo. Kirsten alimwona, akasogea, akakunjua taulo lake likawafikia wote wawili. Marva alikaa juu ya nusu yake na akamchukia kwa nusu hiyo.

*

Simu iliita Jumamosi asubuhi, wakila chapati za maziwa na asali. Dorsey alisikiliza, akasema, "Sawa," akakata.

"Kocha anataka kuniona. Nije na daftari."

Hakuna mke wa mchezaji asiyejua maana ya daftari: ukiitwa nalo, umetemwa. Marva aliendesha gari, Junie akiwa nyuma. Walisubiri dakika ishirini na tano. Wachezaji wengine walitoka, kila mmoja amebeba mfuko mweusi wa taka wenye vitu vyake, wakapita bila kutazamana. Kisha Dorsey akatoka na wake.

Aliuweka mfuko kwenye buti, akaingia, akafunga mkanda.

"Ni yule Oakes," Marva alisema. "Nilijua. Tangu siku ile ya keki."

"Si Oakes. Oakes alikuwa wa kwanza hata kabla hajaja, Marva. Hakuchukua nafasi yangu. Sikuwahi kuwa nayo." Alipangusa kioo cha mbele kwa kiganja, ingawa hakikuwa na ukungu. "Kocha amesema huu ndio mwezi wangu bora tangu nije."

"Sasa?"

"Wanabaki walinzi sita. Wa nne, wa tano na wa sita lazima wakimbie mateke. Wamembakiza Brandvold."

Marva alishika usukani kwa mikono miwili, gari likiwa limezimwa. Alisubiri Dorsey aseme lililobaki.

"Sema," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Sema ni mimi. Ni mimi niliyekwambia uache."

Dorsey alitazama nje. "Wewe ulikuwa jikoni. Mdomo uliomwambia Fusco ulikuwa wangu."

"Dorsey, nitukane."

"Twende nyumbani. Mtoto hajamaliza kula."

Junie aliinua kichwa kutoka nyuma. "Baba, Jumatatu nitaanza shule?"

Marva akawasha gari, na mtoto, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kuhesabu magari kwa sauti.

*

Jumatatu Marva alirudi kwa katibu mwenye miwani ya kamba kuchukua fomu. Yule mama hakuuliza kitu. Aliitoa, akapiga muhuri, akasema, "Kila la heri huko mnakoenda," kwa upole ule ule anaowapa watu wa kiangazi.

Mwenye nyumba alikubali kuvunja mkataba wao wa kupanga ikiwa watamletea mtu wa kuingia mara moja. Mtu alipatikana siku hiyo hiyo. Aligonga mlango akiwa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga limefunikwa kwa karatasi ya fedha, na pua yake ilikuwa imepona.

"Sikujua nilete nini," Kirsten alisema. "Nate alisema nisije kabisa. Alisema nitakuumiza."

"Ingia."

Marva alimwonyesha chumba kimoja kimoja. Dirisha hili linagoma. Bomba la jikoni usilikaze sana, litavuja. Jirani wa juu anafanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri, mgongee tu dari na ufagio. Kila alichokionyesha alitamani kukirudisha. Alitamani hata lile bomba. Juu ya meza chupa ya pilipili ilikuwa imesimama peke yake. Nyingine zilikuwa ndani ya boksi.

Nje Dorsey alikuwa anafunga kamba juu ya gari, na Nate Brandvold, aliyeambiwa asishuke, alikuwa ameshuka na anamshikia upande wa pili. Walivuta kamba.

"Kuna kitu kingine natakiwa kujua?" Kirsten aliuliza.

Marva alisema hapana. Alichukua chupa ya pilipili, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Angeweza kuondoka hivyo, na hakuna ambaye angejua. Kwa muda mfupi alitaka sana kuondoka hivyo.

"Ipo siku Oakes ataumia," alisema, amempa mgongo. "Wote huumia. Siku hiyo watamvika mumeo ile kofia. Atakupigia simu hata jasho halijakauka, na utakaa chini kwa furaha."

"Labda," Kirsten alisema kwa woga.

"Atakwambia Fusco anamwita kwenye mateke. Mwache aende. Wewe nyamaza, pika, mwache aende."

"Kwani kwa nini nimkataze?"

Marva aligeuka akamtazama yule msichana, koti lake la bei rahisi, masanduku mawili aliyotoka nayo hotelini miguuni pake, bado yamefungwa.

"Hutamkataza kwa ubaya," alisema. "Utamkataza kwa sababu unampenda, na kwa sababu kuna mtu mahali fulani anakata keki."

Kirsten hakuelewa, ila aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Marva aliyasukuma masanduku yale kwa mguu mpaka katikati ya chumba.

"Fungua, mdogo wangu," alisema. "Fungua yote mawili."

Kisha akashuka ngazi, bakuli la viazi kwapani, likiwa bado la moto.